Karani wa Chifu Asiondolewe

Muthara,
Tigania Mashariki.

Kwa Mhariri,
Jarida la katuni la "Askari wa Ukungu".

Bwana Mhariri,

KUH: MPANGO WA KUMWONDOA KARANI WA CHIFU ILI WASOMAJI WAPYA WASICHOKE

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na wachoraji wako na yule anayewapikia chai. Mimi ni karani katika ofisi ya mradi wa maji hapa Muthara. Sijawahi kumwandikia mtu yeyote malalamiko, na aya hii nimeiandika upya mara nyingi ili isionekane kama nina hasira. Sina hasira. Nina wasiwasi tu, na ningeomba jina langu lisichapishwe, kwa sababu nitakazozieleza.

Katika toleo lililopita mlitangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hadithi itarahisishwa ili mgeni aweze kuanzia popote, na kwamba wahusika wadogo "wasiosaidia hadithi" watapumzishwa. Karani wa Chifu ametajwa hapo, kati ya mama muuza ndizi na punda.

Kama kuna mtu ofisini kwenu aliyemsahau, namkumbusha. Askari wa Ukungu anashuka mlimani mbio. Anataka Chifu atoe amri daraja lifungwe kabla wezi wa mifugo hawajavuka. Mlangoni anakuta kijana mwembamba ameshika faili. Kijana anasema, "Chifu ametoka." Wezi wanavuka na ng'ombe wa kijiji kizima. Karani haonekani tena, isipokuwa mara moja sokoni, tena kwa mgongo. Maneno yake katika matoleo yote ni hayo mawili.

Kwa maneno hayo mawili chama chetu cha wasomaji kimeishi mpaka leo. Tunakutana Nchiru kila Jumamosi, kwenye kibanda cha Joyline anayewatolea wanafunzi wa chuo fotokopi. Tunabishania swali moja: je, Chifu alikuwa ametoka kweli? Kiogora, ambaye anasomea uhandisi, anashikilia kwamba alikuwa ndani na karani alihongwa. "Huyo ni mwizi aliyevaa tai," husema. Joyline humjibu, "Wewe umewahi kuajiriwa? Basi nyamaza, wacha walioajiriwa waongee." Hapo wote hunigeukia. Mimi husema kwamba karani hana neno lake mwenyewe. Akisema mkubwa ametoka, ameambiwa aseme ametoka. Sisemi hivi kwa sababu ya jambo lolote linalotokea katika ofisi ninayofanyia kazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hao wasomaji wapya mnaowahurumia hamjui ni akina nani. Mmoja wao ni mkubwa wangu, Bwana Kaimenyi. Aliona jarida mezani kwangu, akalichukua, na sasa huniita katikati ya kazi. "Kijana, huyu mwenye kofia ni nani?" Nikimaliza kumweleza mwenye kofia, anauliza punda ni wa nani. Mahali alipofikia anaweka kijiti cha miraa, ndani ya jarida langu. Siku moja alilalamika kwamba watu wamejaa humo kama mazishi ya diwani. Haukupita muda mkatangaza kwamba mnapunguza watu. Sidai kwamba aliwaandikia. Naomba tu, ikiwa aliwaandikia, asijue kwamba nimeuliza.

2. Alipofika kwa Karani alicheka, akasema, "Na huyu ni wa nini? Amesimama tu kama kabati." Nilicheka pia. Kicheko hicho hakijanitoka akilini.

3. Kanisani kwetu mtu habatizwi kwa kuingia tu mlangoni. Anakaa darasani, anasimamiwa na Mkristo anayejulikana, na mzee wa kanisa anamuuliza maswali. Hakuna aliyewahi kupendekeza mitume wapunguzwe ili darasa lisichanganyikiwe, ingawa wengi wetu tulibatizwa bila kumkumbuka Thadayo. Napendekeza msomaji mpya naye akae darasani msimu mmoja wa mvua, apate msimamizi, aulizwe kuhusu punda, ndipo auziwe jarida.

4. Ili jambo hili lisifanyiwe mchezo, cheti cha msomaji kipigwe muhuri na chifu wa eneo lake. Natambua kwamba huenda chifu akawa ametoka. Msomaji na arudi kesho, na kesho kutwa. Akisharudi hivyo atakuwa ameuelewa ukurasa ule vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza kumweleza.

5. Kama ni lazima mtu aondolewe ili nafasi ipatikane, mimi nimepima kwa rula. Askari wa Ukungu peke yake anakula zaidi ya nusu ya karatasi, hasa akiruka. Karani ninamfunika kwa kidole gumba. Kwa hiyo apumzishwe Askari. Mama muuza ndizi atapata ukurasa mzima, punda atapata jina, na mgeni hatapotea kamwe, kwa kuwa hakutakuwa na hadithi ya kupotelea. Ng'ombe wataibwa, hilo nakubali. Lakini waliibwa hata yeye akiwepo.

Bwana Mhariri, niruhusu niseme jambo moja bila namba. Nchi hii ina makarani wengi kuliko mashujaa. Yule kijana alisimama mlangoni akasema alichoambiwa, na tangu siku hiyo lawama ya ng'ombe wale wote iko juu yake. Mkimwondoa sasa, Kiogora atakuwa ameshinda, maana mtu akiachishwa kazi bila maelezo watu husema aliiba. Mwacheni hata kwenye kona, hata kwa mgongo. Mradi awepo.

Nasimama hapo nisije nikakuchosha. Wasalimie wachoraji, mpiga chapa na familia zenu. Joyline anawasalimu. Kiogora hakutuma salamu, lakini yu mzima.

Wako mwenye heshima na hofu,
Kiunga Kaburu
(lisichapishwe)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Nimeifungua kwa sababu Bwana Kaimenyi amekuja kusimama mbele ya meza yangu. Ameniambia kwamba Chifu alikuwa ndani, kwamba yeyote aliyewahi kuwa na ofisi yenye mlango anajua hivyo, na kwamba "huyo mtoto wa watu" hana kosa lolote. Hakukaa darasa lolote kulijua hilo, kwa hiyo lalamiko la tatu na la nne yafuteni. Kisha akaniomba, kwa upole nisiouzoea, nimwazime matoleo ya zamani ili ajue karani aliishia wapi. Nimemwambia nilishayagawa yote. Yamo kwenye droo. Nilipokuwa nikisema hivyo goti langu lilikuwa linaigusa. Amenishukuru, akaenda zake. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia niseme hivyo. Karani mwacheni tu, lakini Kiogora akija ofisini kwenu, tafadhali asionyeshwe barua hii.