Rangi za Kucha Chini ya Dashibodi

Jumatano, 6 Agosti

Msiba! Hakuna aliyekufa, lakini msiba.

Babu kazimikiwa na gari katikati ya mzunguko wa barabara kuu. Mshale wa mafuta ulionyesha tangi limejaa pomoni. Tangi lilikuwa kavu kama kikaango. Baba Mkubwa ndiye aliyekwenda kulivuta, na amerudi amevimba. Kasema mbele ya wote sebuleni kwamba gari linalomdanganya mzee si gari, ni adui. Tena mnunuzi keshampata: mwenye mgahawa anayetaka kuliegesha mbele ya mlango wake na kupanda maua kwenye boneti.

Maua! Kwenye boneti!

Babu alikuwa anazungusha funguo kidoleni tu. Bibi ndiye aliyembana Baba Mkubwa mpaka akatoa sharti: Jumapili atakuja kuliendesha mwenyewe. Geji zikisema kweli na taa ya ndani ikawaka, gari linabaki. La sivyo, maua.

Fundi umeme wa magari kaombwa. Kasema ana kazi mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba mtu wa mwisho aliyezielewa geji za aina hiyo ameshastaafu na hapokei simu.

Sasa niandike ukweli, maana hakuna mwingine nitakayemwambia. Mimi sisemi. Si kwamba sina maneno. Ninayo tele, yamepanga foleni kooni. Ila mtu akinitazama usoni tu, foleni nzima inageuka na kurudi tumboni. Nyumbani wananiita Kimya. Lakini kwenye gari la Babu kila mtu anatazama mbele. Babu anatazama barabara, mimi natazama waipa, na maneno yanatoka yenyewe. Amekuwa akinichukua shuleni tangu nina mapengo, na kila jambo la maana nililowahi kusema nimelisemea mle. Wakilipandia maua, nitaongea wapi? Mgahawani?

Nimeamua. Nitalitengeneza mwenyewe, kwa siri. Jumapili geji zitakuwa zimepona, na watu watasema ni bahati.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefungua dashibodi. Rahisi mno! Skrubu chache tu na uso wote wa geji ukanijia mapajani.

Nyuma yake, tambi.

Fizikia shuleni tunafundishwa kwa Kiingereza, na saketi nilipata alama za juu darasa zima. Naweza kueleza mkondo wa umeme kwa lugha mbili bila kupumua, ilimradi kwa maandishi. Lakini kwenye mtihani waya huchorwa kwa rula. Humu zimesokotana kama nywele za mtu aliyeamka. Na zote zina rangi moja. Labda zamani zilikuwa na rangi zake, sasa uzee umezifanya zote kahawia.

Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Rangi za kucha! Dada ana sanduku zima. Nikapaka kila waya rangi yake kabla sijauchomoa: huu wa geji ya mafuta, huu wa joto, huu wa taa ya ndani, huu wa taa za breki. Dada anapenda nyekundu, kwa hiyo nyingi ni nyekundu. Si tatizo. Kila moja ina jina lake kwenye kichupa: komamanga, waridi, machweo, busu la kwanza. (La mwisho nililipaka haraka haraka nikiangalia pembeni.)

Bibi alipita na ndoo ya nguo, akaona miguu yangu imechomoza mlangoni. Akauliza, mke mwenzangu, unamtafuta mume wetu huko chini? Nikamjibu kwa kutikisa mguu. Akasema basi nikimwona nimwambie chakula kiko tayari. Akaenda zake anacheka peke yake.

Nimesugua ncha zote kwa msasa. Kesho nazirudisha. Kesho kutwa napumzika.

Ijumaa, 8 Agosti

Sitaki kuongelea leo.

Basi niongelee. Kumbe chini ya dashibodi, kwa mwanga wa simu, komamanga ni waridi. Waridi ni machweo. Busu la kwanza ni yeyote yule. Nimelala chali sakafuni mwa gari asubuhi nzima nikinusa nyaya, nikidhani labda harufu zitatofautiana. Zote zinanuka rangi ya kucha.

Nikaunganisha kwa kubahatisha. Betri sikuichomoa. Niliisahau! Kitu ninachowaandikia wenzangu kwenye daftari la maabara kwa herufi kubwa. Cheche ikaruka, fyuzi ikafa, nikagonga kichwa kwenye usukani na honi ikalia. Mtaa mzima ukachungulia. Nikabaki nimejikunyata chini ya usukani kama mwizi mpaka wakachoka.

Fyuzi mpya nikaiazima kwenye honi. (Heri hivyo.) Nikawasha. Hali ni kama ifuatavyo. Geji ya joto: inafanya kazi! Geji ya mafuta: imelala. Taa ya ndani: mlango ukifunguliwa, giza. Mlango ukifungwa, giza. Nikikanyaga breki, mwanga kama ukumbi wa harusi.

Na waya mmoja umebaki. Sijui wa nini. Nimeukunja vizuri nikauficha nyuma ya redio.

Jioni Dada kagundua vichupa vyake. Kauliza kila mtu kwa sauti ya hakimu. Kufika kwangu kasema, wewe Kimya huna hata haja ya rangi, kucha zenyewe umezitafuna. Nikaitikia kwa kichwa. Vidole nilikuwa nimevikalia, vyote vyekundu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango mpya. Mfupi, safi, wa kisasa: gundi.

Nikafungua kioo cha geji ya mafuta, nikausogeza mshale kwa kibanio cha nyusi mpaka nusu tangi, nikatia tone moja. Kwa nini nusu? Kwa sababu tangi kamili lingetia shaka, na robo ingemfanya Baba Mkubwa aingie kituo cha mafuta. Nusu haimsumbui mtu. Nimejipongeza kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa ndani ya gari.

Mchana akaja Injinia. Huyu ni mtoto wa Baba Mkubwa: kwa ukoo ni kaka yangu, kwa matendo ni mwiba. Yuko mwaka wa kwanza chuoni, na ukoo mzima unamwita Injinia tangu siku alipopokea barua ya chuo. Kavaa viatu vyeupe pe. Akachungulia dashibodi, mikono nyuma, akaguna kama daktari. Bibi kafurahi kuona mshale umesimama katikati, akauliza nani kautengeneza. Nikafungua mdomo. Foleni ikaanza kusogea, neno la kwanza likafika kabisa kwenye meno...

Injinia akasema alinipa maelekezo kwa simu.

Hajawahi kunipigia simu maishani! Hata namba yangu hana!

Bibi kamkatia kipande kikubwa cha nyama. Mimi nikapewa mfupa na pole, eti nilishika tochi vizuri. Nimekula huku nikimtazama. Yeye kanikonyeza.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Baba Mkubwa alifika jua likianza kushuka. Akakaa kwenye usukani, Babu pembeni yake, mimi na Injinia nyuma. Ufunguo. Mshale: nusu. Baba Mkubwa akasema ahaa. Akafungua mlango kuangalia taa. Giza. Akakanyaga breki ili aondoe gari, na ndani kukawaka pwaa. Akaachia, kukazima. Akakanyaga tena. Akauliza hiki ni kitu gani. Babu akamjibu kwa utulivu kwamba ni kizuri, sasa abiria watajua wakati wa kujishikilia.

Injinia akakohoa, akasema ni mfumo mpya.

Tukapita kituo cha mafuta. Nilikiona kinakuja, nikakiona kinaondoka. Nilitaka kusema tuingie, lakini Injinia alikuwa ananitazama usoni. Baba Mkubwa akacheka kwamba kwa nusu tangi tunaweza kufika hata mji wa pili. Akalipandisha kile kilima kirefu nyuma ya shule.

Katikati ya kilima gari likakohoa. Likatetemeka. Likanyamaza.

Mshale: nusu.

Baba Mkubwa akaugongagonga kwa ukucha. Nusu. Akageuka nyuma polepole, akauliza nani alishughulikia geji hii. Mimi nikanyamaza. Ndiyo kazi yangu, kunyamaza, na sijawahi kuifanya kwa ustadi namna ile. Macho yote yakaenda kwa Injinia, maana jana alishakula nyama yake. Akapewa dumu. Tukamtazama akishuka kilima kwa viatu vyeupe, na mvua ya jana ilikuwa bado haijakauka.

Sasa, breki ya mkono ya gari la Babu haishiki. Haijashika tangu mimi sijazaliwa. Kwa hiyo Baba Mkubwa ilibidi akae mguu kwenye breki ili tusirudi kinyumenyume hadi shuleni. Na mguu ukiwa kwenye breki, taa ya ndani inawaka. Giza likaingia nje, na sisi watatu tumekaa kwenye mwanga kama bidhaa dukani. Hakuna pa kwenda. Wote tunatazama mbele.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza. Akasema ni kwenye kilima hikihiki Mzee alimfundisha kuendesha, naye akaliachia gari likarudi nyuma mpaka kwenye kibanda cha nyanya, na Mzee hakumwambia Bibi mpaka leo. Babu akasema Bibi alijua jioni ileile, nyanya zilikuwa kwenye bampa. Wakacheka. Kisha Baba Mkubwa akasema, kwa sauti nisiyoijua, kwamba geji si neno. Ila kila simu ikilia jioni roho inamruka, anadhani ni baba yake kakwama gizani peke yake.

Babu akasema hayuko peke yake. Ana mchumba wake humu, na mchumba mwenyewe haongei pengine popote.

Nikasikia sauti inasema, "Msilipandie maua."

Ilikuwa yangu! Baba Mkubwa akashtuka akataka kugeuka. Babu akamfokea: "Usigeuke! Tazama mbele wewe, ukigeuka anakatika!"

Akatazama mbele. Shingo imemkakamaa kama askari wa gwaride. Nami nikasema. Nikasema kuhusu shule, kuhusu foleni ya kooni, kuhusu waipa. Nikasema kwamba nikikaa humu najisikia mtu. Nikaongea mpaka Injinia akatokea na dumu, viatu vya rangi ya matope.

Gundi sikuitaja. Kuongea sawa, lakini si kuropoka.

Mwenye mgahawa keshapigiwa simu akatafute chungu. Gari linabaki! Masharti mawili: Babu ajaze mafuta kila Jumamosi, geji iseme isiseme. Na Injinia amalizie nyaya, kwa kuwa ndiye aliyezianza.

Jumatatu, 11 Agosti

Injinia kaja mapema, kabla watu hawajaamka vizuri. Kavaa kandambili. Kanikalisha ndani ya gari, akatazama mbele (keshaambiwa), akakiri kwamba chuoni bado wako kwenye hesabu na waya hajawahi kushika hata mmoja. Kaniomba nimfanyie kwa siri. Nyama atakayopewa tutagawana.

Nimekubali. Na safari hii nimejipanga. Kosa langu lilikuwa zile nyekundu, basi. Dada amefunga sanduku lake kwa kufuli, lakini Mama anazo rangi zake za kucha, na hakuna hata nyekundu moja. Zote nyeupe. Nyeupe maziwa, nyeupe lulu, nyeupe wingu. Nimeshapaka nyaya zote, zimependeza sana.

Ila geji ya joto, ile iliyopona, imeanza kupanda na kushuka ovyo. Inaweza kumtia Baba Mkubwa wasiwasi bure.

Bahati nzuri gundi haijaisha.