Wavu wa Mashine Namba Tatu

Kwa Bwana Mkaguzi wa Viwanda,
Coimbatore.

Bwana Mkaguzi,

Natumaini wewe na familia hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu. Umenifungulia shauri la kusababisha kifo kwa uzembe, eti kwa sababu mashine yangu ya kukata bati ilimuua fundi Ponnusamy. Nimeumia sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria inataka uzembe wangu mwenyewe ndio uwe umeua. Saa ile nilikuwa ofisini, mkono umeshika kikombe cha kahawa. Mashahidi ninao. Kahawa yenyewe ilimwagika kwa mshtuko, na shati halijatakata mpaka leo.

2. Unasema sikujali usalama. Siku ya Ayudha Puja, tunapobariki vyombo vya kazi, niliiosha mashine ile kwa mikono yangu, nikaipaka unga mwekundu hadi kwenye kisu chenyewe, nikaivika maua, nikapasua boga zima langoni kufukuza balaa. Ripoti yako ina kurasa kumi na nne, na boga halimo.

3. Unaulizia wavu wa kukinga kisu. Mashine hii haijawahi kuwa na wavu. Mjane wa Ponnusamy, Rukmani, anadai marehemu aliniambia kila asubuhi, "Tajiri, rudisha ule wavu, hiki kisu kitakula mtu." Sasa mtu aliyeijua hatari kiasi hicho na bado akaja kazini, mzembe ni yeye au mimi?

4. Kama lazima mtu ashtakiwe, mkamate muuza maboga. Lile boga lilikuwa limeoza ndani. Akikana, ishtaki mashine. Ina namba, anwani yake inajulikana, na haitaomba dhamana.

5. Rukmani huja kukaa langoni kila adhuhuri na chombo cha chakula cha mumewe. Mafundi wamekataa kula, na mimi pia chakula hakinishuki. Naomba aondolewe.

Nisalimie mama watoto, karani wako mwenye kikohozi, na hakimu ukimwona.

Wako mtiifu,
R. Thangavelu,
Mwenye kiwanda.

N.B. Usihangaike kuja kiwandani. Pita nyumbani ule appalam, zile chapati nyembamba kavu za dengu. Mke wangu anazianika nyingi juu ya paa siku hizi, maana tangu Ayudha Puja nimempatia wavu mzuri wa chuma. Hauna kutu hata kidogo, na ubavuni umeandikwa: "Mashine Na. 3. Usiondoe."