Kumbukumbu za Bi Mwanamkisi

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Ijumaa baada ya sala, Ami yangu Abdulwahid anakwenda kuniposea Nasreen. Mamake, Bi Mwanamkisi, anamtaka Idris wa Wiyoni, fundi mwenzangu mwenye majivuno. Lakini leo kaniletea mimi kompyuta yake dukani! Imehifadhi sauti za marehemu mumewe, Bwana Dawud, akisoma Kurani. Alitaka nipanguse vumbi tu. Vumbi! Mimi mkwe wa vumbi? Nimeona bado inawaka kwa njia ya zamani, polepole. Nitaigeuza iwake kwa njia mpya. Ataduwaa.

Jumanne, 11 Novemba

Imewaka haraka kweli. Ila ramu, nafasi ambayo kompyuta hufanyia kazi zake, ilikuwa gigabaiti nane, sasa inaonyesha nne! Nimezima, nimewasha. Nne. Nimechomoa vijiti vyote viwili vya ramu, nimevipuliza, nimevisomea Bismillahi, nimevirudisha. Nne. Jasho mpaka kwenye kandambili. Sauti za marehemu zipo, nimezisikiliza zote. Iliyopungua ni ramu tu. Nikaona nimjulishe Bi Mwanamkisi. Mkwe haandikiwi "ramu", nikatafuta Kiswahili safi: "Usijali Bi, nusu ya kumbukumbu imepotea, naitafuta."

Jumatano, 12 Novemba

Ya Rabbi! Nyumba ya Bi Mwanamkisi imejaa wanawake. Nasreen kanipigia analia: mamake hali, hanywi, anasema Bwana Dawud amemfia mara ya pili. Kumbukumbu! Kaelewa ni zile sauti! Ningemweleza kwa sentensi moja. Mdomo nilishaufungua. Halafu wazo likanijia: nikinyamaza mpaka Ijumaa, nikamrudishia sauti mbele ya wazee, atanikataa vipi? Nikamwambia Nasreen kazi ni ngumu, waniombee dua. Tangu hapo moyo haujatulia.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefika na Ami, sinia ya halua na kompyuta kwapani. Nani kaketi barazani? Idris! Bi Mwanamkisi kamwita aje anisaidie kutafuta. Kaifungua, kasema sauti hazijapotea hata moja. Kaingia kwenye mipangilio: nilipogeuza njia ya kuwaka, kipengele cha kuiruhusu kompyuta itumie ramu yote kilijizima. Kakiwasha. Nane! Dakika mbili!

Bi Mwanamkisi akaniuliza kama nilijua sauti zipo. Nikasema, kiasi. Akasema mtu anayemwacha mjane alie siku tatu haozeshwi hata paka, nishike ndia yangu. Nasreen hakuniangalia. Hilo ndilo lililoniuma. Ami kaila halua yote njiani, hakunipa hata kipande.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa neno moja tu. Basi.

Mwalimu Roselyn, aliyehamia hapa kutoka bara, kaniletea kompyuta ya shule yenye alama za mtihani za darasa zima. Alitaka nibadilishe kibodi. Lakini nayo inawaka kwa njia ya zamani! Nikiiharakisha atanisifu kisiwa kizima cha Amu, na Nasreen atasikia.

Nimeigeuza. Ramu imebaki nusu. Kile kipengele cha Idris sikioni. Nimuulize yeye? Afadhali nife. Nimemwandikia Mwalimu, na safari hii sikuandika "kumbukumbu", mimi si mjinga. Nimeandika: "Mwalimu, pana msiba mdogo hapa dukani, njoo."

Mbona wanakuja walimu saba, wamebeba sukari na majani ya chai?