Prezida wa Kivu Stars na Kopo la Nta

Jumatatu, 3 Novemba

Tumeingia fainali! Kivu Stars ya Quakers Hill, timu ya kikapu ya kulipwa, fainali ya msimu wa kwanza wa ligi ya Waafrika wanaoishi magharibi ya Sydney! Nasema ya kulipwa, na narudia. Kila mchezaji tukishinda anapata kipande cha makayabu na mfuko wa unga wa muhogo. Samaki wa chumvi ni malipo kama malipo mengine. Historia inaanza hivyo hivyo. Mimi ndiye Prezida. Hakuna aliyenichagua, lakini hakuna aliyekataa pia.

Kazini leo nimeendesha foklifti kama mtu anayeelea. Macho wazi, nimeliona kombe. Nimemwona Léocadie ananipungia mkono. Nikashusha karatasi za chooni kwenye rafu za chakula cha mbwa. Bosi akauliza kama niko sawa. Nikamwambia niko zaidi ya sawa.

Léocadie! Mrundi, anahudumia wazee katika nyumba yao kule Penrith. Tukitazamana kanisani nasahau maneno ya wimbo. Yeye amekubali kuolewa nami. Tatizo ni kaka yake, Niyongabo, mkubwa wa familia yao hapa Australia, na kocha wa timu ya Penrith, ambayo ndiyo tunakutana nayo fainali. Nilipomgusia habari ya posa, alisema hapokei wajumbe wa mtu ambaye hajawahi kumaliza jambo hata moja. Eti hata moja! Na mimi nimeanza mangapi? Duka la unga. Kwaya ya wanaume. Bustani ya sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Basi safari hii namaliza. Nachukua kombe mbele ya macho yake. Mlango ataufungua mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Nimegundua kitu kikubwa. Kwenye treni nilikuwa natazama picha za zamani za mchezo wetu kwenye simu. Watu wa kwanza kabisa waliolipwa kucheza kikapu walichezea kwenye kumbi za dansi! Mpira wenyewe una kamba kama kiatu. Wengine walizungushiwa uzio wa waya, kama kuku. Mechi ikiisha, bendi inaanza, na watu wanacheza dansi pale pale, kwenye sakafu inayong'aa.

Nikafumba macho kidogo. Nikaiona rumba. Léocadie mikononi mwangu, kombe juu ya meza, Niyongabo kwenye kona anapiga makofi polepole, ana aibu. Mtu akanigonga bega. Mwisho wa reli, Richmond! Sikuwa nimelala. Nilikuwa nacheza dansi.

Nimeshaamua. Fainali itachezwa katika ule ukumbi wetu wa harusi wa Quakers Hill. Una sakafu ya mbao na una vikapu. Baada ya mechi, rumba. Nimemweleza yaya Chibalonza, dada yangu mkubwa, ambaye nakaa kwake. Alisema nikamalize kwanza kukata nyasi. Zile nyasi nilizianza Septemba. Yaya hana ndoto, masikini.

Ijumaa, 7 Novemba

Cabramatta mchana. Kwetu furaha kubwa haipiti bila kitenge cha sare. Watu wakivaa kitambaa kimoja, ni jamaa moja. Nimepata kitambaa cha rangi ya chungwa chenye duara duara, ukikitazama kwa imani ni mipira. Mama Mvietinamu anayeshona atatia maandishi mgongoni: MABINGWA WA KWANZA. Nilitaka na jina la timu. Mgongo haukutosha.

Nimeagiza mashati na magauni ya watu wetu wote, na mengine mengi ya ziada. Siku ya ushindi ndugu huongezeka.

Yaya akaja juu. Alisema hawashoni mbeleko mtoto hajazaliwa. Nikamjibu mtoto ameshaanza kupiga teke. Akasema labda ni tumbo linauma.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada Léocadie akaniletea boksi lililofungwa vizuri. Nikadhani ni saa. Nikadhani ni tai ya siku ya posa. Nikafungua. Viatu vyeusi vya kazi! Soli nene ya mpira, kama vya kwao kule kwa wazee. Alisema amechoka kuniona nateleza kila wiki kwenye ngazi za kanisa na mokasini zangu, viatu vya ngozi vyenye soli laini.

Nilimshukuru kwa heshima. Lakini jamani! Prezida avae viatu vya kufagilia? Wachezaji wote wa Niyongabo wanafanya kazi hiyo ya wazee, na wanatoka shifti moja kwa moja kuja uwanjani na viatu hivyo hivyo. Msimu mzima tumewacheka. Wilondja, mchezaji wetu mrefu kuliko wote, anawaita manesi. Nimevisukuma chini ya kitanda. Mapenzi yana mitihani.

Jumanne, 11 Novemba

Usingizi umekataa. Penrith wametufunga mara zote tulizokutana msimu huu. Zote! Nikifungwa tena, Niyongabo atasema si unaona. Na Léocadie hatanisubiri mpaka nizeeke, aishie kunihudumia kwa mshahara.

Alfajiri, nikitazama mijakaranda ya jirani inavyomwaga maua kwenye lami, jibu likaja taratibu. Nta! Zile kumbi za zamani sakafu zilipakwa nta. Ndiyo maana ziling'aa hivyo kwenye picha. Nikipaka nta, rumba itateleza kama maziwa. Na Penrith, waliozoea kucheza kwenye saruji, watateleza pia. Mpango mmoja, faida mbili. Wakati mwingine najiogopa.

Vijana wangu nimewafundisha mapema. Mazoezi ya jioni tumefanya katika korido ya yaya, kwa soksi. Wilondja alianza vizuri. Akamalizia ndani ya kabati la vyombo. Sahani za harusi ya yaya, zote vipande! Aliniuliza, hivi kama sakafu inateleza, sisi tutasimamia nini? Nikamwambia mchezaji wa kulipwa haanguki. Anashuka tu. Akarudi kuokota sahani.

Yaya hasemi nami.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimejitolea kusafisha ukumbi. Mwenye funguo alinishukuru sana, eti watu wa moyo kama wangu wamebaki wachache. Nikapaka nta kwa magoti kutoka kikapu hadi kikapu. Nikapaka tena. Taa zote zilionekana chini, kama ziwa la kwetu usiku wenye mwezi. Nikajikuta nacheza rumba peke yangu. Nikaanguka. Nikaendelea kucheza nikiwa chini. Nilikuwa na furaha, sitaki kusema uongo.

Léocadie alipita jioni kuchukua gauni lake la kitenge. Alinishika mkono, akanusa vidole vyangu. Akasema nanuka kama korido za kazini kwake siku ya usafi. Nikasema ni manukato mapya. Akaniuliza kama kesho nitavaa vile viatu. Nikamwambia navitunza kwa siku maalumu.

Jumamosi, 15 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi umejaa. Watu wetu wote wamevaa kitenge cha chungwa, MABINGWA WA KWANZA mgongoni kabla mpira haujarushwa. Rangi tupu! Wachezaji wetu wana raba mpya zinazong'aa, mimi mokasini. Penrith wakaingia kwa kuchelewa kidogo, wametoka shifti. Viatu vyeusi. Tukacheka.

Filimbi ikalia. Wilondja akaruka. Yesu wangu, alivyoruka! Akatua kwa makalio, akapita mbele ya waamuzi, akapita mbele ya kwaya, akasimamishwa na meza ya sambusa. Wa pili akamfuata. Wa tatu alikuwa anajaribu kuwainua. Na Penrith? Wanakimbia! Wanakata kona! Kama wako barabarani! Kumbe vile viatu vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu zinazoteleza. Watu hawa wanatembea juu ya nta na maji kila siku ya Mungu, na bibi kizee wa watu mkononi, na hakuna anayeanguka. Mbona hakuna aliyeniambia?

Tukafungwa vibaya. Pointi siziandiki. Mwishoni vijana wangu walikuwa wanacheza kwa kukaa.

Sikuweza kuvumilia. Nilimwona Niyongabo upande wa pili, mikono kifuani, na nikajua nimempoteza Léocadie. Nikatoka mbio kwenda kwa mwamuzi, kudai mechi irudiwe. Hatua chache tu, mokasini zikaniaga. Nikaenda kwa magoti. Mikono nimeipanua. Ukumbi mzima nimeuvuka hivyo, kimya kimya, taa zinapita chini yangu, na nakiri palikuwa pazuri. Nikaishia pale miguu ya Niyongabo ilipokuwa. Nikaishika nisianguke.

Halafu mama mmoja wa Kirundi akapiga kigelegele! Akatangaza kwamba mkwe ameshindwa mbele ya watu na bado amekuja kwa magoti kumwomba dada yao. Vigelegele ukumbi mzima! Nikajaribu kuinuka nieleze kwamba nilikuwa naenda kwa mwamuzi. Nikateleza, nikarudi chini. Wakasema oneni, anasisitiza. Nikajaribu tena. Nikarudi tena. Wazee wakaanza kufuta machozi.

Niyongabo alinitazama sana. Akasema mbele ya wote kwamba kwa desturi yao muoaji hafungui mdomo, wazee wake ndio husema. Na kwamba tangu anifahamu, leo ndiyo mara ya kwanza kuniona sijafungua mdomo. Basi wazee wangu waje Jumamosi ijayo, saa nane mchana, atawapokea.

Atawapokea!

Penrith wakauliza yale mashati ni ya nani, maana yameandikwa mabingwa na mabingwa ni wao. Yaya akayagawa yote ya ziada bila kuniuliza. Dakika chache, ukumbi mzima kitenge kimoja, wao na sisi. Niyongabo akavaa lake, akasema haya, tumeshavalishwa kama wakwe. Muziki ukaanza. Waliokuwa na viatu vyeusi walicheza dansi. Waliobaki tuliegemea ukuta.

Léocadie akaja kunichukua. Alivaa vyake vyeusi chini ya gauni. Akanishika viwiko na kunisukuma taratibu, mimi nateleza tu, sihitaji hata kuinua mguu. Rumba kamili, kama ile ya kwenye treni. Akaninong'oneza sikioni kwamba kazini kwao anayepaka nta huweka kile kibao cha njano cha kuonya watu. Akacheka mpaka kichwa kikalala begani kwangu. Nampenda huyu mwanamke. Nampenda jamani.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya asubuhi. Nimelala mgongoni magoti yamevimba, natazama dari, naona harusi.

Nimefikiri kwa kina. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Nani alichagua ukumbi? Nani alishona kitenge, familia mbili zikawa moja? Nani alipaka nta? Bila nta hakuna magoti, bila magoti hakuna posa. Kombe ni bati tu. Wilondja amekuja kudai makayabu yake. Nimemweleza kwamba malipo ni ya ushindi, na kwamba mimi tu ndiye nimeshinda. Amebeba makayabu, na ungo wa yaya wa kupepetea pia.

Léocadie ameacha ujumbe kwa yaya. Jumamosi nivae viatu vyeusi, nikae kwenye kiti, nisiseme neno, nisipange chochote. Yaya aliurudia mara mbili. Amenisamehe zile sahani, kwa hiyo nilimwitikia kwa upole.

Lakini nawaza. Watu walilia nilipokuja kwa magoti. Walilia! Wazee watarajie kitu kama kile halafu waone mtu amekaa kwenye kiti? Sebule ya Niyongabo ni ya mbao tangu mlangoni hadi kwenye kochi lake, niliiona nilipopeleka salamu za Pasaka. Nimempigia simu. Nimejitolea kwenda Jumamosi asubuhi kumsaidia usafi kabla ya wageni. Amefurahi mno. Alisema anaona nimebadilika.

Kopo la nta limebaki nusu. Mokasini nimeshazipiga rangi.