Miguu ya Baridi ya Godwin

Jumatatu, 6 Juni 1994

Ukungu mpaka saa tano. Wateja: hakuna. Nimekaa na taipureta yangu barazani kwa Abdulkarimu, muuza mitumba, chini ya kibao nilichokiandika mwenyewe: LUKASI – BARUA, MAOMBI, TAFSIRI. KIINGEREZA CHA NDANI. Tangu ushirika ulipotupunguza kazini mwaka jana, kibao hiki ndicho shamba langu. Wanasema wawekezaji wanakuja. Tukuyu bado hawajafika, lakini wakifika watanikuta.

Saa sita akaja Tulia.

Tulia ni fundi cherehani wa Makandana. Mwaka juzi alinigeuzia kola ya shati, akanirudishia bila hata kunitazama usoni. Tangu siku ile natembea na maradhi. Dawa yake ninaijua, ila imeshaposwa na Godwin, anayeuza vipuri vya magari Blantyre. Siku zote Godwin humwandikia kwa Kiswahili. Safari hii ameandika Kiingereza kitupu, na Tulia aliishia darasa la saba.

Barua yenyewe ukurasa mmoja. Ningeweza kuisoma palepale. Nikamwambia hiki ni Kiingereza kizito, kinataka kulala nacho, arudi kesho.

Mpango: aje mara mbili.

Jumanne, 7 Juni

Amekuja! Ananukia sabuni ya mche na mvua. Nikavaa miwani, ingawa ni ya kusomea tu na barua nilikwisha kuikariri.

Mstari wa kwanza: huko kunanyesha "cats and dogs". Nikamweleza kwamba mvua za Blantyre ni kali, zinasomba paka na mbwa. Akasikitika.

Mstari wa pili: "I have got cold feet." Rahisi. Amepata miguu ya baridi. Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia, kwa upole wa mtu asiye na hila, kwamba mwanamume wa Rungwe, aliyekanyaga umande wa mlima tangu utotoni, sasa analalamika miguu inapata baridi. Nikatikisa kichwa. Nikangoja amdharau.

Tulia akaivuta barua kwake. Kisha akasema Godwin hajawahi kumweleza shida yake hata moja, na kumbe anateseka. Macho yakamlowa. Akamwuliza Abdulkarimu kama ana sweta kuukuu la kufumua, amfumie soksi.

Ulibaki mstari wa tatu. "I think we should call it a day." Nadhani tuiite siku. Yaani tutaje siku. Anataka kutaja siku ya harusi, mwizi huyu!

Mstari huo niliuruka. Nikamwambia baada ya hapo ni salamu tu.

Alhamisi, 9 Juni

Mashine yake imekatika mkanda, kwa hiyo anafumia hapa barazani, pembeni yangu. Siku ya pili sasa. Nyuzi za kijani. Hatuongei sana. Akichoka hutazama mlima Rungwe, ukungu ukiwa umeondoka, nami hutazama anakotazama. Sijawahi kuwa na siku mbili kama hizi. Na kila safu inayoongezeka ni ya mguu wa mwanamume mwingine.

Mchana akaniuliza navaa namba ngapi. Nikasema nane. Akasema Godwin naye nane, akaomba mguu wangu wa kupimia. Nikavua kiatu. Soksi yangu ilikuwa na tundu la kidole gumba. Hakucheka. Akanishika kisigino, akazungusha kile kipande cha kijani, akahesabu mishono kwa sauti ndogo. Ilifika thelathini na mbili. Nilitamani niwe na mguu mpana zaidi.

Usiku huu naongeza hili tu: nimeshikwa kisigino.

Jumatatu, 13 Juni

Soksi zimekwisha. Tulia anataka nimjibu Godwin kwa Kiingereza, naye aone kwamba hakuposa porini. Niandike mambo matatu: pole na baridi, soksi hizi hapa, utarudi lini.

Nikaandika mengine. Najua ni dhambi. Lakini mtu akikaa siku nne karibu na maji bila kunywa, akili zinahama.

Nilitafuta maneno ya kumvunja moyo kabisa, ila ya kistaarabu, kwa Kiingereza cha ndani. La kwanza nililisikia zamani redioni: "You are the apple of my eye." Tunda jichoni. Hebu fikiria tunda zima jichoni! Hakuna kero kuzidi hiyo. La pili: "I am head over heels." Kichwa changu kiko juu ya visigino. Kila mtu kichwa chake kiko juu ya visigino vyake. Maana yake niko salama kama kawaida, sikukumbuki. Nikamalizia kwa "I cannot get you out of my head", yaani unaniumiza kichwa.

Tulia akaweka sahihi pale chini, polepole, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Dereva wa lori la ndizi anayevuka mpaka pale Kasumulu akaichukua barua pamoja na soksi.

Mungu anisamehe. Nitalala vizuri.

Jumatano, 29 Juni

Mwalimu Esnath, anayefundisha Kiingereza sekondari, alikuja kwa Abdulkarimu kutafuta koti. Akakisoma kibao changu, akatabasamu kidogo. Tabasamu lile likaniuma. Nikamwambia mimi natafsiri hata misemo, na kwa uthibitisho nikamsomea kwa kichwa barua nzima ya Godwin, bila kutaja majina.

Akaacha kutabasamu. Akauliza huyo mwanamke aliambiwa nini. Nikasema aliambiwa miguu ya baridi.

Akaweka koti chini. Akanieleza kwamba Mwingereza mwenye miguu ya baridi ni mtu aliyeahidi jambo, kisha akaingiwa na woga, anataka kughairi. Na "call it a day" ni kufunga kazi. Kuacha. Kuachana.

"Mtu huyu alikuwa anamuaga mchumba wake," akasema. "Aliona aibu kumuaga kwa lugha anayoielewa."

Nilikaa. Wiki tatu! Wiki tatu Tulia alikuwa huru, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Mstari uliokuwa unanipa Tulia niliuficha kwa mkono wangu mwenyewe.

Kesho asubuhi naenda Makandana kumwambia kweli yote. Pamoja na ile niliyoificha. Nimefua shati.

Alhamisi, 30 Juni

Nilitoka na mvua. Nimeteleza mara mbili, mara ya pili mbele ya watu wa kanisani. Mama yake Tulia, mama Ikupa, alinipokea mlangoni kwa furaha ambayo hajawahi kunionyesha, akaniambia nimekuja wakati mzuri, kuna mgeni.

Godwin. Ameketi kwenye kigoda, sahani ya ndizi mapajani, miguuni soksi za kijani.

Alishuka basi jana jioni. Barua iko mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imeanza kuchanika. Akamtafsiria mama mkwe mbele yangu. Tulia amemwambia yeye ni mboni ya jicho lake. Tulia amemwambia mapenzi yamempindua kichwa chini miguu juu. Tulia hawezi kumtoa mawazoni. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama hayo maishani mwake, na akiwa Blantyre aliyasoma akalia dukani mbele ya wateja. Mama akapiga vigelegele.

Tulia alikuwa amesimama kwenye mashine yake. Hakumtazama Godwin. Alinitazama mimi.

Nikapewa ndizi. Nikala. Zilikuwa na maziwa, nzuri sana. Nikaondoka bila kusema lililonipeleka.

Jumamosi, 2 Julai

Amekuja peke yake, saa nne, ukungu bado. Abdulkarimu akaona kazi ya kufanya ndani.

Tulia alisema Godwin amemweleza yote. Kwamba ile barua ya kwanza ilikuwa ya kuagana. Kwamba alimpata mtu huko, wakaachana, akaona haya. Ameomba msamaha kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyakyusa, mbele ya mama.

Nikaanza kujitetea kuhusu miguu ya baridi. Akanizuia kwa kiganja.

"Sijaja kwa ajili ya barua yake, kaka Lukasi. Nimekuja kwa ajili ya yangu. Mimi nilikwambia mambo matatu. Yale mengine yalikuwa maneno ya nani?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, fupi, la Kiswahili, na mdomo ulikwisha kufunguka. Nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza, kidole cha kati kina alama za sindano. Nikaona taipureta. Nikaona kibao.

"Ni Kiingereza tu," nikamwambia. "Ndivyo wanavyoandika."

Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko mtu aliyekwisha kujibiwa. Ukungu ukapanda, duka la ng'ambo likaonekana, na watu wa kwenda Suma wakaanza kupita na vikapu.

"Ndaga, kaka," akasema. Ahsante. Akaenda zake.

Abdulkarimu akatoka, akanitazama, akanimiminia chai. Mtu mwema. Sikuiona ladha yake.

Jumatano, 27 Julai

Wiki tatu sijaandika humu. Nilikuwa naumwa, hospitali hawajui nini.

Lakini leo! Leo nimeletewa kadi. Godwin amezichapisha Mbeya, karatasi ngumu, maua ya dhahabu pembeni, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Inasema Jumamosi ya tarehe 20 Agosti, saa nane mchana, kanisani, Tulia na Godwin "will tie the knot".

Nimeisoma mara nne ili nisijidanganye. Watafunga fundo. Fundo! Kila Mswahili anajua fundo ni nini: ni kinyongo, ni chuki inayokaa moyoni. Wamegombana. Tena ugomvi mkubwa kiasi kwamba wanaupeleka mbele ya mchungaji, na wameona bora watu waalikwe washuhudie.

Abdulkarimu anasema hii ni kadi ya harusi. Yeye Kiingereza hakijui. Akasema basi nimwulize Mwalimu Esnath. Nimwulize ya nini? Jambo liko wazi.

Masikini Tulia. Atakuwa analia. Atahitaji mtu wa karibu, mwenye subira, anayejua kunyamaza. Tarehe 20 nitakuwa benchi la mbele kabisa, nimevaa suti. Nimeshaichagua pale kwa Abdulkarimu, suruali inahitaji kupunguzwa kidogo tu miguuni.

Kesho nampelekea Tulia aipunguze.