Kijana wa Sangol na Supu ya Wazee

Katika kijiji cha Sangol, uzee umemshinda kila mtu isipokuwa Maeng Dalsu. Yeye aliupiga mweleka, akaukalia kifuani, akaupaka piko! Ana miaka sabini na sita, lakini kichwa cheusi kuliko masizi ya chungu, na ukimwamkia shikamoo anageuka nyuma kutazama ni mzee gani anayekuja.

"Mimi sitini na nne tu," husema, kifua mbele kama jogoo wa maonyesho.

"Mbona kitambulisho kinasema mengine?"

"Aa, hicho! Kaka yangu alikufa mchanga. Baba akaona uvivu kwenda kuniandikisha, akanirithisha karatasi za marehemu. Hiyo miaka ya ziada si yangu, ni ya kaka!"

Nani abishe? Kule nusu ya watu wana tarehe za kuzaliwa za kuokoteza. Basi kijiji kikampongeza, kikamkabidhi na jembe. Watoto wote wa Sangol wamehamia Seoul; mwenye sitini na nne ndiye kijana, tena kijana wa kutumwa.

Na mateso yote haya kwa ajili ya nani? Mama Bunrye, mjane mgeni kijijini, mwenye kicheko cha kumfufua ng'ombe aliyechinjwa. Dalsu alikwishaamua: atamposa siku ya Ipdong, kipupwe kinapoingia, mbele ya kadamnasi.

Sasa, Ipdong ina desturi yake. Siku hiyo wazee hukaa kwenye sakafu iliyopashwa moto, wakapikiwa supu ya visamaki vya matopeni, wakahudumiwa kama mahakimu. Vijana je? Vijana ndio wanaovua.

"Kaka Dalsu, tumbukia mtaroni!" aliamuru Pyo Gwangchil, mwenyekiti wa vijana, mwenye miaka sitini na tatu na meno ya bandia. "Wewe ndiye simba wetu!"

Simba akatumbukia. Tope mpaka mapajani, vidole vikafa ganzi, visamaki vikimponyoka kama wadeni. Akatoka huko, akapasua kuni. Akamaliza kuni, akachimba shimo la kufukia mitungi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha. Mgongo ukalia kwaa!

"Nini hicho?" aliuliza Gwangchil.

"Mti."

Mchana supu ikaiva. Mvuke wa pilipili na tangawizi ukamwingia Dalsu puani, ukamshika roho. Mle ndani wazee wanafyonza, wanajilamba, wanapiga "Aaah!" Dalsu kasimama mlangoni na sinia, mate yanamtoka. Hata Mzee Tak, ambaye Dalsu alikuwa akimpiga makofi utotoni, alikuwa kwenye bakuli la tatu!

"We kijana," Tak akamwita bila haya, "ongeza supu!"

Hapo uzalendo ukamshinda.

"Jamani, nina miaka sabini na sita!"

Kicheko kikatikisa paa.

"Mnawaona vijana wa siku hizi?" Gwangchil alisikitika. "Kwa bakuli moja, mtu anauza ujana wake!"

Dalsu akachomoa kitambulisho. "Someni! Si mna macho?"

"Hicho si cha marehemu kaka yako?" Gwangchil aling'aka. "Yaani maiti naye unamdhulumu supu? Mwogope Mungu!"

Dalsu akamtafuta Mama Bunrye jikoni kwa macho, angalau yeye amtetee. Jikoni hayupo. Alikuwa amejikalia kitako katikati ya wazee, kijiko mkononi, mashavu yanang'aa kwa mafuta.

"Mama Bunrye, niamini wewe! Mimi ni kikongwe kabisa! Magoti yananiuma, usiku sioni, meno yanalegea! Na nataka kukuoa!"

Mjane akashusha kijiko, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "mimi nina sabini na tatu. Nilichokuwa natafuta ni mzee mwenzangu, tukae hapa bega kwa bega, tulalamikie viungo. Mtoto wa sitini na nne nimpeleke wapi? Nimelea wanne, mgongo umechoka. Haya, kaniletee wali. Na usimwage!"

Dalsu akaleta. Mabakuli mawili, maana Mzee Tak alikuwa ameshajisogeza akaketi karibu na mjane.