Maswali Kumi na Mawili Niliyoyatunga Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimewauliza kidato cha tatu kila mmoja anataka kufanya kazi gani. Wako arobaini na mmoja. Madaktari kumi na tisa! Mawakili tisa, marubani saba, na sita waliobaki ni "wafanyabiashara", neno wanalojifunika nalo kama shuka. Nikamsimamisha daktari mmoja. Daktari hufanya nini saa nne asubuhi? Akasema anatibu. Anatibu nini? Watu. Damu anaiweza? Akasema yeye mambo ya damu hayataki kabisa.

Mtoto huyuhuyu akienda kununua viatu anavijaribu, anatembea navyo dukani, anaikunja soli, anavirudisha. Kazi ya miaka arobaini anaichagua kwa kuona koti. Na wazazi ndio wabaya zaidi. Baba mmoja aliniambia mwanawe atakuwa mhandisi kwa sababu jina la kazi linasikika vizuri msibani. Msibani!

Kwa hiyo nimeanzisha somo langu: chunguza kazi kabla ya kuichagua. Nenda mahali inapofanyika, kaa, tazama, uliza. Mkuu wa shule amelipenda. Amelipenda kiasi kwamba Ijumaa anamleta mkaguzi wa elimu na wazazi, wasikilize ripoti za wanafunzi.

Sasa lile lenyewe. Makamu mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Mkaguzi atatoa neno kuhusu nani ashike nafasi. Tuko wawili: mimi, na Mwalimu wa Jiografia, mtu anayepiga pasi hadi leso na aliyebandika jina lake kwenye kikombe cha chai. Miaka ishirini na mbili nafundisha hapa. Nafasi ni yangu.

Mpango: wanafunzi kumi na mmoja wataenda zahanati, gereji, mahakamani, kiwandani. Wa kumi na mbili atachunguza kazi ya ualimu. Atamchunguza nani? Nimejichagua. Ripoti nzuri, mkaguzi ameketi mbele, mwanafunzi bora wa shule anasoma. Nani atapinga?

Mwanafunzi bora wa shule tunamwita Darubini. Msichana mwembamba, haongei sana, hapitwi na kitu. Amekubali mara moja. Sikumuuliza kwa nini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dodoso niligawa jana jioni. Maswali kumi na mawili, nimeyatunga mwenyewe Jumapili nikiwa na hasira na shemeji yangu, aliyemlazimisha mwanawe kusomea uhasibu na sasa kijana analia kila akiona jedwali. Maswali makali. Hakuna mfanyakazi wa kuyapita kwa maneno matamu. La nne: usiandike anachosema, andika anachofanya, saa kwa saa. La nane: waulize anaofanya nao kazi. La tisa: muulize anayeishi naye. La kumi na mbili: kama angeanza upya, angeichagua tena kazi hii? Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: ULICHOKIANDIKA USIKIFUTE.

Nilijivunia sana hayo maneno ya chini.

Saa moja kamili Darubini alikuwa mlangoni mwa darasa na saa ya mkononi aliyoazima. Mimi nilifika saa moja na dakika nane. Akaandika. Nikamweleza kwamba baiskeli ilipata pancha. Akauliza, kwa heshima kabisa, pancha hupatikana mara ngapi kwa wiki. Nikamwambia hilo halimo kwenye dodoso. Akanionyesha swali la tano: vikwazo vya kazi na jinsi vinavyojirudia.

Jioni mama watoto amenisikiliza hadi mwisho, kisha ameuliza kwani sisi tuna baiskeli. Nimebadilisha mazungumzo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimekuwa mwalimu wa mfano. Nimefika saa moja kasoro robo. Nimevaa tai. Nimechora mchoro ubaoni kwa chaki za rangi nne. Darasa lilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Nikadhani wamevutiwa. Darubini ameandika: "Kumi na moja wamelala, wanne macho wazi."

Baada ya hapo nikasahihisha madaftari. Nilimsahau pembeni. Mimi nina jicho la uzoefu, daftari nalijua kwa kulipapasa. Alama, alama, sahihi, lingine. Kumbe alikuwa anapima. Sekunde kumi na moja kwa daftari! Nikajitetea kwamba ubora wa mwalimu haupimwi kwa sekunde. Akauliza unapimwa kwa nini, niseme taratibu aandike. Kengele ikalia. Mungu mkubwa.

Ndipo nikapata wazo. Swali la nane! Nikamtuma kwa Mwalimu wa Jiografia. Atanisema vibaya, wivu wake utaonekana wazi, na mkaguzi atajua nani ana roho ya uongozi na nani hana.

Amenisifu. Mnafiki yule amenisifu! Amemwambia mtoto kwamba nikifuata maandalizi yangu ninachosha, ila nikikasirika hakuna anayefundisha kama mimi katika shule hii, na kwamba yeye mwenyewe husimama kwenye korido kunisikiliza. Nimesoma mara tatu kutafuta sumu iliko. Sijaiona. Ndiyo sumu yenyewe hiyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Nitaieleza kwa mpangilio.

Asubuhi nimemfundisha mke wangu majibu ya swali la tisa. Mume wangu anapenda wanafunzi. Mume wangu ana subira. Akarudia vizuri, nikaondoka na moyo mweupe. Darubini akaenda nyumbani kwangu mapumziko ya saa nne. Mke wangu, niliyeishi naye miaka kumi na tisa, akamkaribisha chai na kumwambia hivi: "Mwanangu, huyu akifunga shule, siku ya tatu anaanza kunisahihisha ninavyofagia. Siku ya nne anamfundisha paka. Mimi naombea shule zifunguliwe."

Kipindi cha tano nikawa na maandalizi mazuri, tai ipo, chaki za rangi zipo. Kijana mmoja, wa wale marubani, akanyoosha mkono. Akasema huku kuchunguza ni kujisumbua, baba yake ameshamchagulia na fomu ameshaijaza.

Sijui nini kilitokea baada ya hapo. Nakumbuka nilitupa chaki. Nikamuuliza baba yake ndiye atakayeamka saa kumi alfajiri kwenda uwanja wa ndege? Baba ndiye atakayelala hoteli za watu nusu ya maisha yake? Nikawauliza wote. Nikamfanya yule kijana awe rubani, mwingine abiria, mwingine mke wa rubani aliyebaki na mtoto mgonjwa. Wakagombana. Mmoja akasimama juu ya kiti. Yule kijana mwishoni alikuwa anauliza macho ya rubani hupimwa vipi, maana yeye haoni vizuri mbali. Kengele ililia, hawakutoka.

Nilimsahau kabisa Darubini. Alikuwa nyuma, anaandika.

Kisha swali la kumi na mbili, chumba cha walimu, tumebaki wawili. Nilikuwa na jibu tayari. Wito. Mwanga. Taifa la kesho. Nimelikariri tangu Jumapili. Nikafungua mdomo, likatoka lingine. Nikasema sijui, kwa sababu sikuwahi kuichagua. Nilitaka kujenga mabwawa. Sikuwahi hata kuona bwawa. Nafasi ikakosekana, kaka yangu akasema chuo cha ualimu bado kinapokea, nikaenda siku hiyohiyo na begi. Sikumuuliza mtu chochote.

Akaandika yote. Nikamwambia afute. Kwa upole kwanza. Kisha nikamwambia kwamba ripoti hii inaamua mambo makubwa.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Mama anataka nisomee ufamasia. Amesema atanisikiliza mara moja tu, kesho. Nikimsomea uongo atajua, na hatanisikiliza tena."

Akanigeuzia dodoso nione maneno ya chini.

"Na wewe ndiye uliyeandika tusifute."

Anataka kuwa mwalimu! Mtoto mwenye akili zile! Nilitaka kumkanya, nikakumbuka mimi ni nani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeamka na mpango. Sifuti kitu, siongopi. Nimempanga Darubini wa mwisho tu. Kumi na mmoja watatangulia, na kila mmoja nimemnong'oneza asiharakishe, mkaguzi anapenda maelezo. Muda utakwisha, Mkuu atafunga kikao, nitashika ripoti mkononi na kusema itasomwa siku nyingine.

Mkaguzi ni mama wa makamo, miwani shingoni. Wa zahanati alieleza bandeji kwa dakika kumi na nane. Wa gereji alianza na historia ya gurudumu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, nikitabasamu. Ndipo mkaguzi akainua mkono, akasema yeye amekaa na walimu maisha yake yote na hajawahi kusikia mtoto akiwachunguza. Akaomba hiyo isomwe sasa hivi.

Darubini akasoma. Yote. Dakika za kuchelewa. Baiskeli isiyokuwepo, maana mke wangu aliulizwa hilo pia! Sekunde kumi na moja. Paka. Wazazi walicheka hadi kufuta machozi. Mwalimu wa Jiografia hakucheka, alitazama viatu vyake, jambo lililoniuma zaidi. Mabwawa aliyasoma taratibu, na hapo ukumbi ukatulia.

Kisha akamalizia. Nimeyanakili kutoka kwenye karatasi yake:

"Nimeiona kazi hii kwa ndani. Ina vumbi, inachosha, na niliyemfuata hakujua anakokwenda. Lakini Alhamisi, kwa dakika thelathini na mbili, hakuna hata mmoja wetu aliyetazama dirishani. Nimetafuta jambo kama hilo kwenye ufamasia, siku mbili nzima za likizo nilikaa duka la dawa. Sikuliona. Nataka kazi hii. Nataka zile dakika ziwe nyingi zaidi."

Mama yake akasimama. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi.

"Mwalimu, na huyu wangu atakuwa anasahihisha kwa sekunde kumi na moja?"

Wito na mwanga vilikuwa hapo hapo mdomoni. Nikasema, "Hapana, mama. Huyu atayasoma."

Akakaa. Akaomba kalamu kwa jirani, akatia saini juu ya goti fomu ya binti yake ya kuchagua masomo, palipoandikwa ualimu. Darubini alifungua daftari akaandika, nadhani, saa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mwalimu wa Jiografia ni makamu mkuu. Mkaguzi ameandika kwamba ana utulivu. Utulivu! Hata kabati la vitabu lina utulivu.

Si hayo tu. Mkaguzi amelichukua dodoso langu. Kuanzia muhula ujao kila mwalimu atafuatwa na mwanafunzi kwa wiki nzima, na saa mkononi. Barua imebandikwa ukutani, na chini yake imeandikwa aliyelitunga. Leo nimesalimia chumba cha walimu mara tatu. Mwalimu wa Hesabu ameondoka na birika la chai, nusu yangu ikiwa ndani. Mwalimu wa Jiografia peke yake ndiye aliyenivutia kiti. Sitamsamehe.

Lakini sijashindwa. Kwenye ubao wa matangazo nimeona nafasi ya mkaguzi msaidizi wa elimu. Nimejaza maombi palepale, nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani. Kazi yangu kabisa! Unaketi mbele, unasikiliza, unavaa miwani, unaivua, unaondoka kabla ya watu kupanga viti. Mke wangu ameuliza kama nimezungumza na mkaguzi yeyote. Nimemwambia nimemwona mmoja kwa saa mbili na nusu, na mtu mzima mwenye akili hahitaji zaidi.

Fomu iliuliza kwa nini ninaitaka kazi hiyo. Nimeandika: wito.